Kiti cha Mbele cha Mkwe

Shemeji yangu Sabiri Mhina wa Kilole ndiye mwanaume pekee ninayemjua anayevaa shati jeupe lililopigwa pasi kila Jumapili asubuhi ili likapulizwe na vumbi la shamba la mkonge. Mikono ya shati hilo imenyooka utadhani imepigiwa rula, na mabegani kuna vipande vyeusi vya kirubani ambavyo fundi wa Masuguru alimshonea bila kuuliza ni vya nini. Hakuna anayemlipa. Leseni yake ya urubani ni ya kuruka kwa starehe na watu wake tu, nauli haruhusiwi kupokea, jambo ambalo nusu ya Korogwe imekataa kulielewa. Kila wiki husimamishwa sokoni na kuulizwa Dar ni shilingi ngapi.

Ndege yenyewe ina viti vinne. Aliinunua mbovu pamoja na wenzake wawili, alipoacha kazi ya ufundi wa ndege Dar es Salaam na kurudi nyumbani kufungua karakana ya pampu. Ukiikuta imeegeshwa kwenye kile kiwanja cha majani kando ya mkonge, utadhani mwenyewe ameisahau. Lakini inaruka. Nimeipanda mara sita, mara ya kwanza macho nimeyafumba mwanzo mpaka mwisho. Dada yangu Faudhia, mkewe, ameizoea hata siku hizi anasinzia humo ndani. Watoto wao wawili ndio usiseme.

Tatizo lilikuwa mama yetu.

Mama, Bi Mwaija wa Chanika kule Handeni, alipata habari kwamba wajukuu wake wanarushwa angani kila Jumapili, akatoa amri kwa simu: hakuna mjukuu atakayepanda tena mpaka yeye mwenyewe apande aone. Akiridhika, sawa. Asiporidhika, ndege ikauzwe chuma chakavu. Sabiri aliposikia hakula chakula cha mchana. Raha yake kubwa hapa duniani ni kuwaonyesha watoto wake mto Pangani kutoka juu, na sasa raha hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye hajawahi kuzungumza naye uso kwa uso.

Kwetu mwanaume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Miaka kumi na moja tangu amwoe dada, Sabiri humwamkia mama akiwa amechuchumaa nje ya mlango, na mama huitikia marahaba akiutazama ukuta. Kupeana mikono hakuna. Mengine yote hupitia kwangu. Nimechoka kubeba maneno ya watu wanaosikiana.

Sasa rubani, kabla ya kuruka, ni lazima ajue uzito wa kila abiria. Sisi wengine hutupandisha kwenye mizani ya kupimia mahindi na kutuandika daftarini bila haya. Lakini mama mkwe? Sabiri alinipigia simu akinong'ona, ingawa mama alikuwa Handeni.

"Shemeji, nakuomba. Muulize mama ana kilo ngapi. Ila usiseme nimeuliza mimi."

Nikamuuliza.

"Kwani mkwe wangu anataka kuniuza?" akasema mama. "Mwambie sitini."

Sitini hiyo alipimwa kliniki akiwa na mimba yangu, nami sasa nina miaka thelathini na miwili.

Jumapili mama akashuka kwenye bajaji pale kiwanjani na kikapu cha unga, ndizi na jogoo mzima mzima, maana mtu haendi kwa mkwe mikono mitupu, hata kama mkwe yuko kwenye ndege. Sabiri akamtazama mara moja tu, kwa adabu, akajua sitini haipo. Kusema hawezi. Akachuchumaa, akaamkia, kisha akaanza kupunguza. Akashusha sanduku la vifaa. Akashusha dumu la maji. Akafikiri kidogo, akamshusha mkewe. Faudhia akabaki amesimama kwenye majani ameshika jogoo.

Halafu akaniita nyuma ya bawa.

"Shemeji, mama akikaa nyuma, mkia utalemewa. Mwombe mama akae mbele."

"Mbele, pembeni yako?"

"Mbele ni huko huko." Kola ilikuwa imeshalowa jasho.

Humo ndani bega na bega hugusana. Mama akajibana mlangoni, akavuta kanga mpaka mashavuni. Nikamfunga mkanda mimi, nikamvisha hedifoni mimi. Lekishon, jirani yetu mfugaji, akawaondoa ng'ombe wake kiwanjani, tukaruka.

Dakika kumi zikapita. Tukauvuka mto, tukafika kwenye vilima, na hewa ya joto ikaitikisa ndege, ikashuka ghafla kidogo. Mama akaukamata mkono wa Sabiri. Sisemi aliugusa. Aliukamata kwa vidole vyote vitano, shati na nyama.

"Baba," sauti yake ikaingia masikioni mwetu, "usiniangushe."

"Sikuangushi, mama. Ni joto la ardhi tu. Linapita sasa hivi."

Miaka kumi na moja, na ukiacha salamu, hayo ndiyo maneno yao ya kwanza. Nilijifanya nahesabu mbuzi wa huko chini. Sifichi, nililia.

Juu ya Chanika mama akainama dirishani, mkono hajauachia.

"Lile la bluu si tangi langu?"

"Ndilo, mama."

"Kumbe nyumba yangu ni nzuri hivi! Hebu zunguka tena."

Sabiri akazunguka mara tatu, akiendesha kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na mwenyewe.

Tulipotua, mama akashuka, akaifunga kanga yake vizuri, akageukia mkonge.

"Munira, mwambie mkwe wangu nimeona."

"Mama, si yuko hapo? Si mmezungumza huko juu?"

"Huko ni huko. Mwambie wajukuu wangu wapande. Na ile sitini, mwambie ni ya zamani kidogo."

Sabiri, hatua tatu kutoka pale, alikuwa ameshachuchumaa. "Shemeji, mwambie mama nashukuru sana."

Mkono wa kulia wa shati lake ulikuwa umejikunja vibaya, vidole vyote vitano vinaonekana. Faudhia alitaka kulifua, akalikuta mumewe amelitundika juu ya kabati. Jumapili iliyofuata akalishusha alipige pasi, na Sabiri, yule yule wa kunyoosha kwa rula, akamwambia apige mkono wa kushoto tu.