Somoe na ndoo ya bombani

Hili sijamwambia mtu: leo nimemtoa Somoe nje.

Mdogo wangu huyu ana miaka saba. Hasemi, na akiona maji hucheka na kupigapiga mikono. Mama humficha ndani, anaogopa maneno ya watu.

Pale bombani akaipiga ndoo ya bibi mmoja. Maji yakamwagika. Somoe akazidi kucheka.

"We binti, mdogo wako ananicheka?"

Mimi, ninayeona haya hata kuitikia hodi, nikajibu kwa sauti: "Hapana, bibi. Anapenda maji, ndivyo alivyozaliwa."

Bibi akamtazama. Kisha akamsogezea ndoo. "Haya mjukuu wangu, piga tena!"

Foleni nzima ikacheka naye.

Kesho tunarudi, njooni mcheze naye. Ila jamani, mama asijue.