Jiwe Chini ya Gurudumu

Babu yangu Sila alikuwa na jicho. Sisemi jicho la husuda. Nasema jicho la kujua kama kitu kimelala sawa au kimeinama. Sisi Wagogo tulijenga tembe, na paa la tembe ni bapa, limekandikwa udongo. Likiinama sana mvua inalichimba, lisipoinama kabisa maji yanatuama na siku moja yanawaangukia waliolala. Babu alikuwa akisimama mbali, anakunja uso, anasema, "Ongezeni udongo kiganja kimoja upande wa machweo," na wajenzi walioanza kazi kabla hajazaliwa wanaongeza. Alizipenda sifa hizo. Aliniambia mwenyewe kwamba alizipenda kuliko nyama, na kwa Mgogo hilo si neno dogo.

Jicho hilo ndilo lililompatia kazi kwa Wadachi, wakati walipokuwa wakipima njia ya reli kuja huku kwetu. Mpimaji wao mmoja, ambaye watu walimwita Bwana Mpimaji na jina jingine hawakulijua, hakulala hemani. Alilala ndani ya gari: nyumba ndogo ya mbao yenye dirisha la kioo, iliyokaa juu ya magurudumu manne yaliyovikwa chuma, ikikokotwa na ng'ombe kumi na sita. Ndani mlikuwa na kitanda na meza ya kuchorea ramani. Shida ilikuwa hiyo meza. Gari likiinama kidogo tu, wino ulimwagika, kalamu zikabingirika, na Bwana Mpimaji akatoka mlangoni amekuwa mwekundu kama udongo wa Kondoa.

Kazi ya babu ilikuwa kulilaza gari sawa kila lilipofika mahali papya. Mtu anaweza kudhani hiyo ni kazi ya mabavu. Hata kidogo. Kwanza alilizunguka kutafuta gurudumu lililo chini kuliko yote. Alisawazisha upande kwa upande, mbele na nyuma baadaye, kwa sababu ukianza kinyume utaifanya kazi mara mbili. Aliweka ubao mpana mbele ya gurudumu la chini, ng'ombe wakavuta polepole mpaka gurudumu likapanda juu yake, kisha akagonga kabari mbele na nyuma ya kila gurudumu ili gari lisitembee. Baada ya hapo ndipo aliposimamisha nguzo nne fupi kwenye pembe, akizikaza kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo. "Nguzo si ya kubeba," alikuwa akisema. "Nguzo ni ya kutuliza. Mzigo waachie magurudumu." Mwisho Bwana Mpimaji aliweka mezani pimamaji yake ya shaba, na kipovu cha hewa kilipokaa katikati ya kioo, babu alitazama pembeni kama mtu ambaye hakuwahi kuwa na wasiwasi.

Mwishoni mwa kiangazi walifika kwenye mteremko ulio karibu na pale panapoitwa Kizota siku hizi. Sasa, mteremko ule ulikuwa ukweni kwa babu. Alikuwa amemwoa bibi yangu Hana miaka miwili tu kabla, na mama yake Hana, mjane, alikaa katika tembe moja hapohapo. Mwanawe wa kiume alikuwa ameondoka na mizigo ya watu kwenda pwani, hakujulikana atarudi lini.

Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawaonani uso. Mkikutana njiani, wewe unaacha njia, yeye anajifunika nguo kichwani na kugeuka kando. Hamli pamoja, hampeani kitu mkono kwa mkono, huingii ndani kwake. Wageni huona ni chuki. Ni heshima hiyo, na kadiri anavyokuheshimu ndivyo anavyojificha.

Basi gari likafika, na gurudumu la nyuma la kushoto likawa chini karibu shubiri nzima. Babu akaenda kuchukua mbao zake mbili za mninga, akakuta hazipo. Hapo alikumbuka. Kwenye kambi iliyopita alikuwa ameketi mahali penye pombe ya uwele, watu wakimsifu, naye akiwasimulia jinsi alivyowalazia wazee mapaa; asubuhi msafara ukaondoka, na mbao zikabaki chini. Zilikuwa mali ya serikali. Mali ya serikali ikipotea, mtu alilazwa chini akapigwa kiboko, na watu wote waliitwa kutazama.

Mkubwa wa Bwana Mpimaji alikuwa akitazamiwa kesho yake kuja kuziona ramani. Msimamizi wa wapagazi, Bashiri, Mrangi wa Kondoa, mtu mpole lakini mwenye haraka, alipiga kelele, "Sila! Mbona umesimama? Laza gari, bwana!"

"Nalaza, Mzee Bashiri," babu akajibu. Hakusema habari ya mbao. Wahenga walisema mficha uchi hazai, naye alikuwa amejifunga nguo saba.

Akatafuta jiwe pana. Mawe ya kule ni ya mviringo, gurudumu likipanda linateleza. Akazunguka, akafika nyuma ya tembe la mkwe wake, akaona mlango wazi na watu wote wamekwenda kusafisha mashamba. Alijua ndani mna nini. Kila mwanamke ana jiwe la kusagia, lile kubwa la chini, pana kama kiti, lililokandikwa udongo lisitikisike. La mama huyu lilisifika. Alilirithi kwa mama yake, lilibebwa kutoka vilima vya Kongwa kichwani kwa mtu, na Hana alikuwa amemwambia babu kwamba unga wake hauna mchanga hata chembe.

Nilipofika hapa katika masimulizi yake nilimwuliza, "Babu, ulifikiri nini?" Nilikuwa nimekasirika, na sioni haya kusema hivyo. Akaniambia kweli. Alifikiri kwamba hakuna atakayemshuku, kwa kuwa hakuna mkwe anayeweza kuingia mle. Na hata akishukiwa, alifikiri, mama hawezi kuja kumuuliza usoni. Heshima ya mama yule ndiyo aliyoifanya pazia lake.

Akaingia. Akalibandua jiwe kwa kabari, unga wa asubuhi ukiwa bado juu yake, akalitia begani akatoka. Kwa kuwa uso wake ulikuwa laini na gurudumu lingeteleza, aliligeuza kifudifudi, ule upande wa chakula chini kwenye changarawe. Ng'ombe wakavuta. Gari likapanda. Kabari, nguzo, pimamaji, kipovu kikaja kikakaa katikati, na Bwana Mpimaji akasema, "Sila, fundi kweli!" Watu wakacheka kwa furaha, na babu naye akacheka.

Siku ya pili, jua likiwa utosini, mama akaja. Haikuwa kazi ngumu kwake: unga ulikuwa umedondoka njia nzima. Alikuwa amejifunika nguo mpaka puani. Alipomwona babu kando ya gari aligeuka, akaketi chini hatua kumi hivi, mgongo kwetu sote. Nasema kwetu kana kwamba nami nilikuwapo. Nimeisikia habari hii mara nyingi mno.

Karibu naye alifungwa ng'ombe mmoja mwekundu, anacheua. Mama akasema na ng'ombe, kwa sauti ya taratibu. Ndivyo wakwe wanavyosemeshana kwetu ikibidi: neno huelekezwa kwa mbuzi, kwa mtoto, kwa mti, na mwenye kuhusika hulichukua.

"Ewe ng'ombe," alisema, "gari lako limekanyaga chakula changu. Sina ugomvi. Najua aliyelilaza alikuwa na shida, mwenye raha haingii pale. Mwambie nimeleta gogo la mpingo, liko pale nyuma ya kichaka, ni pana na ni gumu. Liwekwe hilo, jiwe nipewe. Tangu jana nasaga juu ya mwamba, najilisha mchanga."

Babu aliyasikia yote. Alielewa pia kwamba mama amempa njia: hakumtaja, hakumwita mwizi, amekuja na dawa mkononi. Kilichobaki ni yeye kumwambia ng'ombe neno moja tu, "Sawa," na kwenda kwa Bashiri kumwomba gari liinuliwe. Lakini kuliinua gari ilikuwa ni kumtoa yule mkubwa aliyekuwa ndani akitazama ramani, na kueleza mbao ziko wapi.

Bashiri akaja. "Sila, mama huyu anasema nini na ng'ombe? Ni nani?"

Wapagazi walikuwa wakitazama. Wale wale waliocheka jana kwa furaha.

"Simjui," babu akasema.

"Humjui? Anasema Kigogo, lugha yenu."

"Simjui, Mzee. Ni mtu wa njiani. Labda kichwa si kizima."

Mama alikuwa hatua kumi tu. Babu aliniambia mgongo wake haukutikisika hata kidogo. Bashiri akamwashiria askari, askari akamshika mkono akamwinua, bila kumpiga, akamsindikiza mpaka kwenye kichaka. Alikwenda bila kugeuka. Gogo lake la mpingo wapishi walilichanja kuni jioni ileile.

Gari lilikaa pale siku tisa. Siku hizo babu hakula kwa raha. Hana, aliyefuatana na msafara pamoja na wake wa wapagazi, alikuwa akienda kwa mama yake kumsaidia kusaga juu ya mwamba, na aliporudi viganja vyake vilikuwa vimechubuka, naye hakumuuliza mumewe neno. Alimpakulia ugali tu. Babu alitafuna, mchanga ukalia menoni, naye akaendelea kutafuna kwa sababu kutema mbele yake kungekuwa kukiri. Mchana alilizunguka gari akikaza nguzo ambazo hazikulegea. Watu walipomsifu aliona wanamtukana.

Siku ya tisa ng'ombe wakafungwa, gari likashuka. Babu akaanguka magotini akalifukua jiwe kwa mikono. Lilikuwa zima. Mgongo wake ulikuwa na mkwaruzo mrefu wa chuma, na uso umeliwa na changarawe hapa na pale. Bashiri akaja akasimama mbele ya babu.

"Jiwe la nini hilo?"

"La mama mkwe wangu," babu akasema. Safari hii neno lilitoka lenyewe.

Bashiri akainama akalitazama. "Yule mama aliyesema na ng'ombe?"

"Ndiye."

"Na ulisema humjui."

"Nilipoteza mbao, Mzee. Niliogopa kiboko."

"Lahaula," Bashiri akasema polepole. "Nami nikamtoa kwa askari. Ungeniambia ni mkweo, Sila, ningemwomba Bwana atoke nje, nami mwenyewe ningekushikia gogo. Pengine ungepigwa kweli. Kiboko kinapona, ndugu yangu. Nenda, mrudishie. Mimi nitasema nimekutuma maji."

Babu akaliweka jiwe kichwani. Hakupita nyuma. Alipita katikati ya makao, mchana, mbele ya wanawake waliokuwa wakipepeta na wazee waliokuwa wakichonga mipini ya majembe, kwa sababu alitaka aonekane. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na aliona kwamba aibu hiyo ni haki yake. Alikuwa amepanga maneno. Angesimama nje ya ua, ageuke, aseme na ukuta: "Ewe ukuta, mwambie mama nimekosa." Mama naye angejibu kupitia kwa kuku au kinu, angemtoza mbuzi wa kusafisha ukwe, na yangekwisha. Desturi ipo kwa hayo. Wakwe wamekoseana tangu dunia iumbwe.

Alipofika kwenye ua, mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua mbegu. Babu akageuza uso haraka, akangoja asikie nguo ikivutwa kichwani.

Hakuisikia.

"Mbukwa," mama alisema, ile salamu tunayompa mtu yeyote. Sauti ilikuja moja kwa moja, haikupitia kwa kitu. "Karibu, mgeni. Umebeba kizito. Kiweke hapo."

Babu akageuka bila kutaka. Mama alikuwa amesimama mbele yake, kichwa wazi, akimtazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza babu kuyaona macho yake. Yalikuwa ya Hana, aliniambia, yaleyale kabisa. Hayakuwa na hasira. Alimtazama kama unavyomtazama mpagazi uliyemwona leo na ambaye kesho hutamkumbuka.

Akaliweka jiwe chini. Akageukia ukuta ili aseme nao.

"Ngoja," mama akasema. Aliingia ndani, akatoka na kata ya maji, akampa mkononi, vidole vikagusana. "Kunywa, mgeni. Jua kali. Kwenu ni wapi?"

Babu akayanywa yale maji yote. Akarudisha kata, akaondoka, na nyuma yake akasikia jiwe likiburutwa kuingizwa ndani.

Mbuzi alimpeleka baadaye, tena wawili. Mama aliwapokea akashukuru, kama anavyoshukuru mtu aliyeletewa zawadi na mpita njia mwema. Hana alilia, wazee walikwenda kusema na mama, akawajibu, "Yeye mwenyewe alisema hanijui, nami simwiti mtu mzima mwongo." Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, akapita hata katika ile njaa kuu iliyokuja na vita vya Wadachi na Waingereza, na kila alipokutana na babu njiani hakujifunika. Alimtazama usoni, akamsalimu vizuri, akapita.