Vijidudu vya Shemeji

Mume wangu ni kinyozi, na tangu nimjue ana ugomvi na uchafu. Kila akimaliza kichwa cha mteja anajifuta spiriti mpaka viwikoni. Siku ya harusi yetu alinifuta na mimi kiganja kabla ya kunivisha pete, nikatabasamu kwa ajili ya wageni.

Mtu wa namna hiyo ndiye akapata kidonda juu ya kifundo cha mguu, kikakaa miaka miwili. Marhamu za kila rangi zilipita pale zikashindwa. Mwishowe daktari akasema wazi kwamba kisipoanza kufunga ndani ya miezi miwili, mguu unakatwa chini ya goti. Kinyozi kazi yake ni kusimama. Akikaa nyumbani na mimi kutwa nzima, tutauana.

Lilibaki jaribio moja. Kwenye ngozi yenye afya wapo bakteria wema wanaowafukuza wabaya. Unapangusa kwa kipamba, wanakuzwa maabara, kisha wanapakwa kwenye kidonda. Wakapangusa mkono wa mume wangu, hakikuota kitu. Wakapangusa wangu, nao hoi, maana kwa spiriti ile hata mimi sijasalimika.

"Nyumbani kuna mwingine?" daktari akauliza.

Mume wangu akatazama dari. Mwingine ni mdogo wangu, tunamwita Kochi kwa sababu ndipo anapolala, mwaka wa nne sasa, na kuoga kwake ni kwa kubembelezwa. Wawili hawa hawaivi chungu kimoja. Mume wangu humwita jalala mbele ya watoto.

Daktari akampima Kochi damu, akaridhika, akasema aje Jumatatu. Jumatatu asubuhi namkuta bafuni anajisugua kwa sabuni ya dawa, na chupa ya spiriti imebaki nusu. Nilitamani kumzaba kibao.

"Nimeitwa jalala miaka minne, dada," akasema. "Sitaki na daktari aniite hivyo."

Nikamrushia taulo, tukaenda. Kipamba cha siku ile, kama ulivyokisia, hakikutoa kitu. Daktari akataka mtu ambaye hajagusa sabuni wiki nzima, na Kochi akaapa haendi tena kudhalilishwa.

Jioni mume wangu akajikokota mpaka kwenye kochi, akashika ukuta.

"Shemeji, nimekukosea. Nisamehe. Na nakuomba, usioge."

"Sema tena," Kochi akasema, na wala hakuinuka.

Akasema tena. Mara tatu, mwanaume yule ambaye hata mimi hajawahi kuniomba radhi.

Kochi hakugusa sabuni wiki nzima, kipamba chake kikaota, na vijidudu vyake vikapakwa kwenye kidonda. Wiki ya saba ya ile miezi miwili daktari akafungua bandeji akaniita nione. Kingo zilikuwa za waridi, zimesogeleana. Akafuta jina la mume wangu kwenye orodha ya upasuaji. Wale wawili wakaanza kubishana ni nani aliyeteseka zaidi. Mimi nikaingia chooni, nikafunga mlango, nikalia kwa furaha na kwa aibu. Nilikuwa nimeshamnunulia mume wangu magongo, nimeyaficha chini ya kitanda.