Gundi ya Panga la Helikopta

Serikali ya kijeshi ilipokwisha kuwafukuza Wahindi, na Wazungu nao kuondoka, chuo chetu cha ufundi pale Kyambogo, Kampala, kilibaki na mashine moja ya kupimia vitu kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, na watu wawili walioweza kuitumia: mwalimu wangu na mimi, msaidizi wake.

Asubuhi moja askari walileta panga la helikopta, moja ya yale marefu yanayozunguka juu yake, wakalilaza juu ya meza yetu. Lilikuwa la matabaka: ngozi ya nyuzi za kioo juu, alumini chini, gundi katikati. Ofisa wao alitaka karatasi yenye saini kwamba ni zima.

Tulipaka grisi ili sauti ipenye, mwalimu akatelezesha kipimio taratibu. Gundi ikiwa imeshika, sauti hupenya mpaka chini kabisa na kurudi; kwenye skrini unaona mstari mfupi wa gundi, halafu mrefu wa mwisho. Karibu na shina la panga ule mrefu ulipotea, na wa gundi ukapanda juu. Sauti ilikuwa imekutana na hewa, ikageuka. Mwalimu alirudia mara nne. Niliomba moyoni mashine iwe mbovu.

"Afande, hapa gundi imeachia," alisema. "Likizunguka litabanduka."

Ofisa aligonga panga kwa kidole. "Mimi naona iko mzuri. Andika."

"Siwezi, afande. Watu watapanda humo."

Askari walimtoa nje akiwa bado na grisi mikononi. Ofisa akanigeukia, akanisogezea karatasi. Niliandika kwamba ni zima, nikasaini. Mwandiko wangu haukutetemeka hata kidogo, na hilo hunitesa mpaka leo.

Mke wa mwalimu alikuja chuoni kesho yake, akitokea nyumbani kwao Old Kampala. Alikuwa ameshafika na chakula kituo cha polisi cha Naguru, walikopelekwa waliokamatwa, wakamwambia hawamjui mtu huyo.

"Alikosa nini, mwanangu?"

"Hakukosa kitu, mama."

"Mlikuwa pamoja?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona wewe upo?"

Alichukua koti la mumewe msumarini, akaondoka.

Mwalimu hakurudi. Kama lile panga lilishika au lilibanduka, sikuambiwa, na sikuthubutu kuuliza. Mimi nilipewa ofisi yake. Askari waliendelea kuleta vipuri. Miezi michache baadaye hata mashine nilikuwa siiwashi tena. Nilikuwa nasaini tu.