Siku Niliyomvua Mbwa Ukanda

Watu wakisikia nalea paka wanne na mbwa mzee asiye na meno, hucheka, wakasema bibi huyu amezeeka vibaya. Wacheke. Kazi hii niliianza zamani, wakati wa Mwingereza, katika ua wa mama mmoja wa Kihindi pale Mwanza mjini. Nilikuwa nimeachika, sina pa kulaza ubavu.

Mama yule alikuwa mjane. Wanawe waliuza vitambaa dukani mbele, na nyuma ya duka kulikuwa na ua mkubwa wenye ukuta, mlango wake wa nyuma ukitazama mawe ya ziwani. Wanawe walimwita Ba, yaani mama kwa lugha yao, na mtaa mzima ukamwita hivyo hivyo. Alipokea kila mnyama aliyekataliwa: ng'ombe aliyevunjika mguu, punda aliyechakazwa na marobota ya pamba, paka waliotupwa majini ndani ya gunia wakaokolewa na wavuvi, na mbwa, mbwa chungu nzima. Dini yake ilimkataza kuua hata sisimizi. Sisi tulimcheka. Mjomba wangu alikuwa akisema, "Watoto wa watu hawana maziwa, yeye anawanywesha mbwa." Lakini mbuzi wake mjomba alipovimba tumbo, ni mlango wa Ba aliokwenda kubisha hodi.

Kazi yangu ilikuwa kuwatunza, na kila msimu ulikuja na shughuli yake. Kiangazi vumbi likizidi, funza waliingia kwenye nyayo za mbwa, nikawatoa kwa mwiba na kupaka mafuta ya taa kidogo. Vyungu vya maji vilikaa kivulini na vilibadilishwa asubuhi na alasiri, maana mbwa mwenye kiu hugombana na yeyote. Masika ndiyo ilikuwa ya kupe. Kupe hujificha masikioni, katikati ya vidole, na hasa chini ya ukanda wa shingoni, mahali ambapo mkono wa mvivu haufiki. Niliwaosha kwa maji yaliyolowekwa majani ya tumbaku, nikawasuuza, nikawakausha juani kabla ya baridi ya jioni.

Kati ya mbwa hao alikuwapo jike mmoja wa kahawia. Aliletwa mgongo umebabuka, mtu kammwagia uji wa moto. Nilimpaka asali na samli miezi miwili. Alipopona hakuwa mbwa wa Ba tena, alikuwa wangu. Nikienda sokoni yupo, nikienda kufua yupo. Mume wangu alinirudisha kwetu kwa kuwa sikuzaa, na huko kwetu kila mtu alikuwa na neno lake la kunichoma. Mbwa yule hakuwa na neno. Nilimpenda, na sioni haya kulisema.

Mwaka mmoja kikaingia kichaa cha mbwa. Mtoto upande wa Butimba aliumwa akafa kifo kibaya, na serikali ikapiga mbiu: kila mbwa aandikishwe na avae ukanda wenye kibati shingoni. Askari akimkuta mbwa nje bila kibati, ampige risasi. Ba aliposikia alikaa chini. Kisha akaagiza ngozi, akachukua sindano ya kushonea magunia, akawashonea mbwa wote mikanda kwa mkono wake mwenyewe, na macho yale yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu. Mimi akanipa sharti moja.

"Wewe ukivua mbwa ukanda, kwanza weka yeye stoo, funga mlango. Ukanda ukirudi shingoni, ndiyo fungua."

"Ndiyo, Ba."

Stoo ile ilikuwa ya mabati matupu. Nami nilikuwa mkaidi, nachukia kuambiwa jambo mara mbili, na Ba aliniambia lile kila siku ya Mungu. Asubuhi moja ya masika, jua limetoka baada ya mvua ya siku tatu, nikaona ni upuuzi kujifungia kwenye joto na harufu ya tumbaku. Nikamwosha mbwa wangu uani, penye hewa. Nikamvua ukanda nikautundika ukutani, maana ngozi ikilowa huchubua shingo. Nikawang'oa kupe mmoja mmoja huku nambembeleza, "Tulia, mama, tulia kidogo." Nilipomaliza nikachukua ndoo niende ziwani kuchota maji ya kumsuuza. Mlango wa ua niliurudisha tu, sikuutia komeo. Nilijiambia ni hatua chache, narudi sasa hivi.

Na mbwa yule tangu lini akabaki nyuma nikitoka? Miezi yote ile nilimzoeza kunifuata.

Nilikuwa nimeinama majini niliposikia mlio wa bunduki. Kugeuka, namwona yuko juu ya mawe, mkia bado unatikisika, halafu miguu ya nyuma ikamkatalia. Alijiburuta mpaka nilipo, akaweka kichwa juu ya mguu wangu. Alikufa hapo, manyoya yamelowa, ananuka tumbaku. Nililia kama watu wanavyolia mtoto, na waliokuwa wakifua pale wakaacha kufua wakanitazama.

Askari alishuka polepole. Alikuwa mtu mzima, amechoka.

"Dada, huyu wako?"

"Wangu."

"Kibati chake kiko wapi?"

Nikanyoosha kidole kule uani, kwenye ukuta. Akatazama, mlango uko wazi, ukanda unaonekana.

"Pole, dada. Mimi nimeambiwa nitazame shingo."

Sikumchukia. Nimejaribu miaka mingi kumchukia, nikashindwa. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi miguu yangu ni mizima hadi leo.

Ba alikuwa amekwenda hekaluni kwao. Nilikuwa na saa nzima ya kumsubiri na kumwambia ukweli. Badala yake niliuchukua ukanda ukutani, nikapindua ndoo nikaikalia, nikaing'oa mishono kwa meno, uzi baada ya uzi, mpaka kifungo kikaachana na ngozi. Niliogopa kufukuzwa. Nje ya ua ule sikuwa na kitu ila nyumba ya kaka yangu na ulimi wa mke wake.

"Ba, ukanda ulifumuka," nilimwambia alipoingia. "Akatoka nje bila kibati."

Aliuchukua, akausogeza karibu na macho, akapitisha kidole kwenye matundu ya sindano. Nilingoja anigombeze. Natamani angenigombeza.

"Mimi nilishona," alisema.

Tulimzika pamoja, yeye akishika jembe nisilotaka alishike. Kesho yake alizunguka kwa mbwa mmoja mmoja akivuta kila ukanda. Akamwita fundi wa viatu aishone yote upya. Tangu hapo hakushika sindano, hata kifungo cha mjukuu wake alimwachia mkwe. Kiangazi kilipoingia aliwaambia wanawe asiletwe mnyama mwingine, kwa kuwa mkono wake umekuwa mkono wa kuua. Watu walikuja na vitoto vya mbwa ndani ya vikapu, na mimi ndiye niliyetumwa mlangoni kuwarudisha. Niliwarudisha. Waliokuwamo walikufa mmoja mmoja kwa uzee, ua ukabaki mtupu, na mshahara wangu niliendelea kuupokea.

Alipoamua kurudi kwao India kufia huko, nilimsindikiza stesheni pamoja na wanawe. Treni ilipokaribia kuondoka alinishika mikono yote miwili, akaniomba nimsamehe kwa ajili ya mbwa wangu.

Nikamwambia, "Nimekusamehe, Ba."