Kuba la Tegeta na Posa ya Idi

Jamaa zangu wa Mbagala mnaoniuliza kwa nini nacheka peke yangu, sababu ni hii. Mpwa wangu Idi alimpenda Zuhura, binti wa mtunza bustani wa shamba la mzungu kule Tegeta. Washenga wawili walikwishatumwa, wote wakarudishwa na barua ya posa mkononi. Idi akagoma kula. Nikasema, lete barua, nakwenda mie mwenyewe!

Alfajiri nilidandia lori la nazi hadi mjini. Kutoka hapo ni miguu yangu. Mwananyamala nikanywa dafu, nikaendelea huku nikipanga sifa za kummwagia Idi, maana mshenga asiyesifu ni mshenga gani?

Alasiri nikaingia Tegeta. Lahaula! Katikati ya maua ya mzungu limesimama kuba jeupe, vioo vya rangi madirishani, na mwezi mwandamo wa shaba juu yake. Ndani, kitu kirefu cha mawe kimefunikwa kitambaa cha kijani. Nikajua hili kaburi la walii. Nikavua viatu, nikaiweka barua juu yake ipate baraka, nikasoma Fatiha, kisha nikaomba kwa sauti. Mbele ya walii mtu hasemi uongo, basi sifa zote zikaniruka.

"Ya Rabi, Idi anakoroma, na ukimtuma chumvi analeta sukari. Lakini mamake alipougua, ndiye aliyemfulia na kumpikia uji miezi minane, hakunung'unika hata siku moja. Mjaalie Zuhura."

"Amina!" ikaitika sauti nyuma yangu. Mama yangu! Nusura nipite dirishani.

Alikuwa babake Zuhura, mkasi wa maua mkononi, anafuta machozi ya kicheko.

"Fatiha umemsomea nani, bwana?"

"Walii aliyelala hapa."

"Hapa halali mtu! Hilo benchi. Mzungu aliona makuba huko Misri, akajijengea lake la kunywea chai."

Aibu iliyoje! Nikaichukua barua, nikijua posa imekwisha kuharibika. Mzee akanishika mkono.

"Washenga wenu wawili waliniletea malaika. Malaika nitamweka wapi mie? Huyu anayekoroma namtaka, na Zuhura anamtaka zamani. Soma Fatiha tena, sasa ya posa."

Tukaisoma palepale, kisha tukacheka mpaka njiwa wakaruka.

Kesho yake jioni nikamkuta Idi mlangoni, amekonda.

"Umekubaliwa," nikamwambia.

Akaruka, akanikumbatia. "Mjomba, kwani ulinisifuje?"

"Wewe nenda kaoe. Ila nikikutuma chumvi, mwanangu, lete chumvi."