Pole Niliyoitoa Mlangoni

Kisa hiki sikipendi, lakini wenzangu tunaobanana nao chumba kimoja kule Al Rayyan wakitaka kunitania hukianzisha wao, kwa hiyo afadhali nikisimulie mwenyewe, maana wao huongeza chumvi na aibu yangu haihitaji chumvi.

Mimi ni bawabu katika hoteli moja hapa Doha. Kazi ni kuvuta mlango wa kioo, kusema karibu na kutabasamu, na kazi hiyo ilinifaa kwa sababu mimi si mtu wa maneno (shuleni mwalimu akiniuliza jina langu, dada yangu ndiye aliyejibu). Mwenzangu ni Opio, Mganda wa Tororo, yeye hubeba mizigo na kuongea kwa niaba yetu wote wawili.

Basi wakaja wanamaji wa nchi moja ya mbali. Nyambizi yao hatukuiona, ilikuwa bandari nyingine huko Ghuba, ila mabaharia wake walikuwa wanapokezana na hoteli yetu ndiyo kituo. Wale wa kuingia walitangulia kufika, na mmoja wao, kijana mwenye madoadoa usoni, alipenda kusimama nami mlangoni. Akanieleza kwamba chombo ni kimoja lakini vikosi ni viwili, kimoja kikiwa chini ya maji miezi na miezi, kingine kiko nyumbani kinapumzika na kujinoa, halafu wanabadilishana, chombo chenyewe hakipumziki. Akasema humo ndani nafasi ni ndogo mpaka kuna wanaolala kitanda kimoja kwa zamu, huyu akiamka yule anaingia palepale kwenye joto la mwenzake.

Opio akacheka. "Sasa hiyo si Al Rayyan tu, bila samaki?"

Nikajikaza nikamuuliza kijana swali moja: huko chini mnapata habari za nyumbani? Akasema ndiyo, familia hutuma maneno machache na wao huyasoma, ingawa hawawezi kujibu. Nilitaka kuuliza, na habari mbaya je? Lakini nilikuwa nimeshauliza swali moja, na kwangu swali moja kwa siku linatosha.

Siku ya kufika kile kikosi kilichokuwa chini ya maji alikuja mama mmoja wa Kizungu, nguo nyeusi tangu shingoni. Akanionyesha picha kwenye simu, mwanamume mnene mwenye ndevu. "Huyu ni mume wangu, ndiye mpishi wao. Baba yake amefariki. Akiingia, mlete moja kwa moja kwenye kile chumba kidogo nyuma ya mapokezi. Nitakuwa humo na mkubwa wao." Akasema hayo tu, akaenda.

Sasa nyinyi mnajua tulivyolelewa. Kwetu Mumias ukikutana na mfiwa ukaanza kumwuliza habari za mvua, watu watakutazama kama wewe ndiye uliyemroga marehemu. Pole hutangulia. Nikamwambia Opio kwamba yule mpishi siwezi kumpitisha hivihivi kama sanduku, lazima nimpe pole.

"Kijana," akasema, "wewe umeajiriwa na mlango. Vuta, sukuma. Basi."

Lakini nilikuwa nimeamua, na mimi ni mzito wa kuamua, nikishaamua hata kugeuka ni kazi. Nikayafanyia mazoezi yale maneno kwa Kiingereza mchana wote, nawafungulia wageni huku midomo inacheza, mpaka mzee mmoja Mwarabu akaniuliza kama ninasoma dua.

Basi lao likafika. Wakashuka watu weupe kama mihogo iliyomenywa, wamefinya macho kwa sababu ya jua. Mmoja alisimama njiani akawa anatazama mbali tu, mwisho wa barabara, anacheka peke yake, kwa sababu miezi yote hiyo hakuwa ameona kitu kilicho mbali kuliko ukuta. Na yule mpishi ndiye aliyekuwa na kelele kuliko wote, anawatania wenzake, amebeba na begi la rafiki yake.

Nikashika mlango kwa mgongo, nikampa mkono kwa heshima, nikasema, "Bwana, pole sana kwa kifo cha baba yako. Mungu amlaze mahali pema."

Akacheka. "Umekosea mtu, rafiki. Baba yangu yuko kwake, anapalilia nyanya."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini mimi nilifikiri ananiona mwongo, na aibu ikanisukuma kule nisikojua. "Hapana bwana. Mke wako ameniambia. Yupo hapa, amevaa nyeusi."

Kicheko kikaisha, lakini mdomo ulibaki wazi. Nikajua. Hakuwa ameambiwa! (Baadaye yule kijana wa madoadoa alinieleza: habari ya msiba huzuiwa mpaka safari iishe, kwa maana mtu hawezi kutoka huko chini, na akivunjika moyo hakuna pa kumpeleka.)

Mwenzake wa nyuma akanishika bega. "Na mimi? Mke wangu alikuwa karibu kujifungua. Umemwona?" Mwingine akasema mama yake alikuwa hospitali, amepona? Wakanizunguka, wanaume wazima, kila mmoja ananiuliza mimi habari za kwao, mimi nisiyejua hata nchi yao iko upande gani. Mlango uko wazi, joto la nje linaingia, na meneja anapiga kelele kuhusu baridi yake inayopotea.

Mkubwa wao akatoka mbio kwenye kile chumba. Ikabidi aseme mbele ya wote, "Ni yeye peke yake! Wengine wote kwenu ni salama."

Na hili ndilo nisilolisahau: ukumbi mzima ulishusha pumzi. Mmoja akasema, "Asante Mungu," kwa sauti, halafu akaona aliyesimama kando yake, akajiziba mdomo. Mpishi alikuwa ameweka begi la rafiki yake chini, polepole, kana kwamba lina mayai. Mke wake alikuwa mlangoni mwa chumba kidogo.

Meneja alinipeleka stoo ya mizigo, na huko ndiko yule mama alikonifuata. Nikaanza kuomba msamaha. Akasema, "Nimeyapanga maneno yangu tangu siku ya mazishi. Nilijua nitakapomshika, nitakapoanzia." Akaitazama mikono yake. "Sasa sina la kumwambia." Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia.

Sikufukuzwa. Lakini Ijumaa, siku ya mapumziko hapa, baada ya ibada kanisani kule Mesaimeer, nilikaa kivulini nikaanza kufikiri kwamba hata mimi niko mbali miezi na miezi, na kwetu kila nikipiga simu wote ni wazima, ng'ombe ni mzima, mvua ni nzuri. Nikampigia mama. Nikamwambia, "Mama, nataka kuuliza. Kukitokea jambo huko, utaniambia siku hiyohiyo?"

Nikasikia akiiweka sufuria chini.

"Nani amekuambia?" akauliza.

Aliyefariki alikuwa nyanya yangu. Walishamzika. Mama alikuwa anangoja likizo yangu aniambie nikiwa nimekaa kwenye kiti, nimeshika kikombe cha chai. Nilitaka kumlaumu, nikamkumbuka yule mama wa nguo nyeusi, nikasema tu, "Niambie sasa, kama ulivyopanga." Akaniambia yote, akaanzia alikotaka kuanzia.

Siku hizi mlango nauvuta, nasema karibu, na hapo naishia. Pole ninayo, tena nyingi, lakini haitangulii tena. Inangoja mpaka mwenye msiba autaje mwenyewe.